Kugeuza Faili Hakurudishi Sauti: Hotuba kwa Wapenzi wa Taarabu na Dansi, Tanga

Wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu, dada na kaka, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni: assalaam aleikum, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kugeuza faili za muziki ili nyumbani usikike vizuri zaidi. Nitaanza na jibu, sababu zitafuata. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Nina nyimbo zangu za MP3 kwenye flashi. Nikizigeuza ziwe FLAC, au zile WAV kubwa, sauti itaongezeka ubora?" Haitaongezeka. MP3 ni faili iliyobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti; WAV huiweka sauti yote bila kuibana, na FLAC huibana bila kutupa kitu. Faili itanenepa mara kadhaa, flashi itajaa, na muziki utabaki pale pale ulipokuwa. Hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, inayoirudisha sauti halisi iliyokwisha kutupwa. Kugeuza kunaweza kuufanyia muziki mambo mawili tu: kuuacha ulivyo au kuupunguza. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni kujua muziki wako ulipunguzwa wapi, na namna ya kuuzuia usipunguzwe tena.

Tuangalie kwanza sauti inavyogeuka kuwa namba. CD, ambayo Philips na Sony waliiunda na ikaingia madukani Japani mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kushoto na kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri na moja. Zidisha zote unapata kilobiti 1,411, yaani biti elfu 1,411, kwa sekunde moja. Namba hiyo 44,100 haikuokotwa. Sikio la kijana mwenye afya husikia masafa ya kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na hesabu za wanasayansi Harry Nyquist na Claude Shannon zinaonyesha kwamba ili ulinase wimbi lote lazima upime zaidi ya mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa. Biti 16 nazo zinatoa desibeli 96 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Kaseti ya kawaida ina 50 hadi 60 tu, zinazobaki zimemezwa na mvumo wa utepe.

Sasa MP3. Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, walikuwa na shida ya kweli: laini za simu na diski za miaka ya 1980 zisingeweza kubeba kilobiti 1,411. Wakageukia sikio lenyewe. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kimasafa. Basi programu inakadiria ni kipi ambacho msikilizaji hatakisikia, na hicho inakitupa. Kiwango kilichapishwa mwaka 1993, na mwaka 1995 wakachagua faili ziishie na herufi "mp3". Katika kuirekebisha walitumia sauti ya mwimbaji Suzanne Vega akiimba peke yake bila ala, kwa sababu sauti tupu ya binadamu ilizianika kasoro mapema kuliko bendi nzima. Mimi nawaheshimu sana wale watu. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde wimbo unabaki sehemu moja ya 11 ya ule wa CD, na bado unaitika na unachezeka.

Lakini chukueni kanuni ya taarabu, ile ala ya nyuzi nyingi. Mpigaji anapoudonoa uzi, sauti huanza ghafla. MP3 hukata muziki vipande vya vipimo 1,152, sawa na milisekunde 26 kwa mwendo wa CD. Kile kilichopotea kwa kutupa huacha uchafu, na uchafu huo hutawanyika ndani ya kipande kizima, hata pale ambapo uzi haujaguswa bado. Programu ina njia ya kutumia vipande vifupi zaidi inapohisi mpigo wa ghafla, ila kilobiti zikiwa chache njia hiyo haitoshi. Matokeo yake, donoo linapoteza ncha, na ukivaa hedifoni unasikia kivumo kidogo kikiutangulia uzi. Matuazi ya tari ndiyo yanayoumia zaidi: mlio wa shaba unaondoka, unabaki mchakarisho. Mtu aliyezoea kusikiliza taarabu kwa faili za namna hiyo anaweza kudhani ndivyo ala zile zinavyolia, na hilo linanisikitisha, maana kanuni inayopigwa mbele yako ina ncha zote.

Mama zangu, tui la kwanza huwa zito. Ukitia maji ukakamua tena unapata tui jepesi, nalo lina kazi yake. Lakini tui jepesi hata ulijaze maji mpaka sufuria ifurike, halitakuwa zito. Kuigeuza MP3 ya kilobiti 128 iwe ya 320 ni jambo hilo hilo. Na kuna madhara juu yake: faili inafunguliwa kisha inabanwa upya, na kila kubana kunatupa tena.

Hapa niseme wazi kuhusu zile tovuti zinazotoa "MP3 320" kutoka YouTube, kwa sababu flashi nyingi za mjini zimejazwa huko. Sauti ya video hizo hubebwa kwa AAC au Opus, njia nyingine za kubana kwa kutupa kama MP3, kwa kawaida kilobiti 128 hadi 160 hivi. Tovuti imeichukua, imeifungua, imeibana mara ya pili, halafu imebandika namba kubwa juu yake. Namba hiyo inaeleza ukubwa wa chombo na haisemi chochote juu ya kilichomo ndani. Wimbo ukiupenda, utafute CD yake, au ununue pale mwenye muziki anapouza mwenyewe. Tovuti ya kuuzia muziki ya Bandcamp, kwa mfano, humpa mnunuzi FLAC bila malipo ya ziada, na sehemu kubwa ya fedha humfikia msanii.

Unajuaje kama faili uliyopewa ni ya kweli? Ipo programu ndogo ya bure iitwayo Spek. Audacity pia inafanya kazi hiyo. Unaifungulia faili, inakuchorea picha ya masafa yote kwa rangi. Wimbo wa CD hupanda hadi karibu hezi 22,000. MP3 ya kilobiti 128 mara nyingi hukatika kwenye hezi 16,000 hivi, ukingo umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Ukikutana na FLAC mpya ya kurekodiwa studio, halafu ina ukingo wa namna hiyo, ujue mtu ameichukua MP3 akaivika jina. Ila msiitumie picha hiyo kuhukumu rekodi za zamani. Santuri za Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, hazikufika hata nusu ya hezi 20,000, na hakuna aliyezichakachua. Mitambo ya zama zile iliishia hapo.

Turudi kwenye FLAC yenyewe. Josh Coalson alianza kuiandika mwaka 2000, toleo la kwanza kamili likatoka 2001, na tangu mwanzo ni ya bure kwa kila mtu. Inabana bila kutupa. Inakisia kipimo kinachofuata kutokana na vilivyotangulia, kisha inaandika ile tofauti tu kati ya makisio na ukweli; ukiifungua, kila biti inarudi mahali pake. Kwa kawaida faili inabaki nusu ya WAV au zaidi kidogo. Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba ndani ya faili huandikwa alama ya MD5, namba ndefu iliyokokotolewa kutokana na sauti ya asili. Hata miaka 20 ikipita, programu inaweza kuifungua faili, kuikokotoa upya ile namba, na kukuambia kama kuna biti hata moja iliyoharibika. Wenye vifaa vya Apple wana ALAC, inayobana bila kutupa kama FLAC, iliyotoka mwaka 2004, na Apple waliifungulia watu wote mwaka 2011. Kati ya WAV, FLAC na ALAC nenda na rudi utakavyo, sauti haipungui, mradi usibadilishe idadi ya biti wala ya vipimo njiani.

Sasa kaseti. Najua mali ya nyumba nyingi za hapa iko huko. Huu ni mji wa makundi ya taarabu ya Black Star na Lucky Star, na humu ndani wamo watu wenye kanda za harusi zilizorekodiwa uani ambazo hakuna nakala yake nyingine popote duniani. Kwa kanda hizo, ugeuzaji wa kwanza ndio unaoamua kila kitu, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujaigusa kompyuta.

Safisha kichwa cha deki, ile mashine ya kuchezea kaseti, kwa pamba na spiriti safi, pamoja na gurudumu la mpira linalovuta utepe. Usirekodi kwa simu iliyowekwa mbele ya spika, wala usitumie tundu la maikrofoni la kompyuta, kwani mara nyingi tundu hilo ni la upande mmoja tu na hujipandishia na kujishushia sauti lenyewe. Nunua kifaa cha USB cha kuingizia sauti, uunganishe waya kutoka kwenye tundu la kutolea sauti la deki.

Kisha pembe ya kichwa. Hapa nitachukua muda kidogo, kwa sababu hakuna programu itakayokupa faida kama hii. Pembeni mwa kichwa cha kusomea kuna skrubu mbili. Moja, mara nyingi yenye springi chini yake, huinamisha kichwa kidogo kushoto au kulia. Kila mashine iliyowahi kurekodi kaseti ilikuwa na pembe yake, na kichwa chako kisipolingana nayo sauti za juu hufifia kana kwamba mwimbaji yuko nyuma ya pazia. Weka kaseti icheze. Changanya kushoto na kulia ziwe sauti moja, halafu chukua bisibisi ndogo isiyo na sumaku uizungushe skrubu kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko. Usisikilize wimbo. Sikiliza mvumo wa utepe na herufi "s" kinywani mwa mwimbaji. Utafika mahali mvumo unafunguka, "s" inakuwa kali, matuazi yanatokeza. Ukipita hapo yanazama tena. Rudi, uache hapo. Kaseti inayofuata utarekebisha upya, na ukimaliza kazi uirudishe skrubu ilipokuwa.

Nyimbo zilizonaswa kutoka Redio Tanzania kwa masafa ya kati au mafupi ni za mono, yaani sauti ile ile moja kushoto na kulia, hata kama redio kaseti yenu ilikuwa na spika mbili. Pembe ikishakaa sawa, kujumlisha kushoto na kulia kunapunguza mvumo kwa karibu desibeli 3, kwa kuwa wimbo uko sawa pande zote mbili na mvumo haufanani. Hapo umepata usafi ambao hukuulipia kwa kupoteza chochote.

Rekodi kwa biti 24. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinapendekeza hivyo kwa rekodi za kanda na santuri, na vipimo visipungue 48,000 kwa sekunde. Utepe wa kaseti hauna desibeli za kujaza biti 24, hilo ni kweli, ila zinakupa nafasi ya kurekodi kwa utulivu: kilele cha wimbo kiache kwenye desibeli 6 hadi 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu cha kurekodi. Kikigonga sifuri, kichwa cha wimbi kinakatwa bapa, na kilichokatwa hakirudi. Kaseti ya dakika 90 kwa kipimo hiki ni gigabaiti 1.56 kabla ya kubanwa. FLAC itaipunguza, ingawa si sana kama CD, kwa kuwa mvumo wa utepe hautabiriki.

Faili hiyo ndiyo nakala mama. Nawaomba msiisafishe. Zipo programu za kuondoa mvumo, na zikitumiwa kwa kiasi zinasaidia, lakini huondoa pia pumzi ya mwimbaji na ule ukwaruzo wa upinde juu ya uzi wa fidla. Nimesikia rekodi za zamani za dansi zilizosafishwa mpaka magita yamekuwa ya plastiki. Nakala ya kusafisha iwe nyingine, na nakala mama ikae na mvumo wake, kwa sababu programu za kesho huenda zikaufanyia kazi vizuri kuliko za leo.

Kutoka kwenye nakala mama unatengeneza nakala za kazi, na hapa MP3 inarudi kwa heshima yake. Sabufa nyingi za sebuleni zenye tundu la flashi hazisomi FLAC, na redio za magari vivyo hivyo. Tumia programu ya kutengeneza MP3 iitwayo LAME, uchague kiwango cha V0, ambacho huwa karibu kilobiti 245 kwa wastani, au 320 ukitaka. Kwa V0 inayotoka moja kwa moja kwenye FLAC, sebuleni, mimi sidhani kuna wengi humu watakaoitofautisha. Flashi iumbizwe (format) kwa mpangilio uitwao FAT32, maana vifaa vingi vya bei nafuu husoma hiyo tu. Kabla ya kubana, shusha sauti kwa desibeli 1, kwani MP3 ikifunguliwa vilele vyake huweza kupita vile vya asili na kukatwa kwenye kifaa. Na nakala hii ikiharibika au ukitaka fomati nyingine, rudi kwenye nakala mama. Usigeuze kutoka kwenye nakala ya kazi kamwe.

Kwa anayetaka kuchoma CD, atashuka kutoka vipimo 48,000 kwenda 44,100 na kutoka biti 24 kwenda 16. Programu ya SoX inabadilisha vipimo vizuri sana. Katika kushusha biti, washa kile kinachoitwa "ditha": mvumo mdogo mno unaoongezwa makusudi, ili sauti hafifu za mwisho wa wimbo zififie taratibu badala ya kukwaruza.

Vijana wameniuliza pia kuhusu kupandisha: kuigeuza CD iwe ya biti 24 na vipimo 96,000 au 192,000. Msipoteze nafasi. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walilinganisha rekodi za hali ya juu na rekodi hizo hizo zilizopitishwa kwenye kipimo cha CD. Katika majaribio 554 walipatia 276, ambayo ni sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alijumlisha majaribio mengi ya watafiti mbalimbali akapata asilimia 52.3, tofauti iliyopo kihesabu lakini ndogo. Na hao walisikiliza rekodi zilizonaswa kwa hali ya juu tangu studio. CD iliyopandishwa na kompyuta haina hata hicho kidogo cha kutafuta.

Mkitaka kulinganisha faili mbili nyumbani, sawazisheni kwanza ukubwa wa sauti. Iliyo juu kidogo, hata kwa desibeli 1, sikio huiona bora, na biashara nyingi za "kuboresha sauti" zinaishi kwa siri hiyo. Kisha mwenzako azicheze bila kukuambia ipi ni ipi.

Pesa au juhudi ikibaki, ipelekeni kwenye spika. Zitoeni kwenye pembe za ukuta, ambako besi hujaa na kuyafunika maneno ya shairi. Simu iunganishwe kwa waya inapowezekana, maana Bluetooth kwa kawaida huibana sauti upya, na FLAC yako ya kilobiti 900 mara nyingi inafika kwenye spika ikiwa takriban 328 au chini. Zimeni vitufe vya "kuboresha" kwenye kompyuta na kwenye simu.

La mwisho ni majina. FLAC ina nafasi ya kuandika mwimbaji, kundi, mtunzi, mwaka na maelezo marefu. Andikeni nani anaimba, nani yuko kwenye udi, harusi ya nani, mtaa gani. Waliopo kwenye rekodi hizo wengine bado wako hai, wanaweza kuwatajia. Kasha la kaseti na mwandiko wake lipigeni picha, muiweke picha ndani ya faili hiyo hiyo. Nakala mama ziwe kwenye diski mbili, na diski ya pili ikae nyumba nyingine, kwa ndugu mnayemwamini. Mara moja kwa mwaka zifungueni, muiache programu ihakiki zile alama za MD5.

Deki na bisibisi ninavyo hapa mezani. Mwenye kaseti mkononi asogee mbele tuirekebishe pamoja pembe yake, na wakati huo huo tupokee maswali, tukianza na wazee.